Mashine ya mikopo inaposoma soko la jana: kipimo kipi kitatoa taarifa?

Mfanyabiashara wa karanga wa Tabora anayekopa kwa simu hapimwi na meneja wa benki. Anapimwa na programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa takwimu za wateja waliotangulia: nani alipokea fedha mara ngapi kwa mwezi, nani aliweka akiba, na mwishowe nani alilipa na nani alikimbia. Programu hiyo haijui karanga wala mvua. Inachojua ni kwamba watu wa mwenendo fulani, wakati ule ilipofunzwa, walikuwa walipaji wazuri.

Tatizo huanza pale mwenendo wa watu unapobadilika na programu ikabaki na elimu yake ya zamani. Wataalamu huita hali hiyo kuhama kwa takwimu. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi kuhama huko kunavyogunduliwa, na kwa nini uchaguzi wa kipimo usiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Kipimo kisichofaa kinaweza kuwanyima mtaji maelfu ya wafanyabiashara kwa wiki moja. Vile vile kinaweza kunyamaza wakati mkopeshaji, ambaye pengine msomaji una hisa zake, anakula hasara.

SOMO LA TOZO

Mfano uko hapa hapa nchini. Julai 15, 2021 Serikali ilianza kutoza tozo katika miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye noti.

Tuchukue mfanyabiashara wa kubuni. Alikuwa akipokea malipo ya magunia kwa simu mara 20 kwa mwezi. Baada ya Julai akawa anapokea mara tano, na yaliyobaki yanaletwa taslimu dukani. Biashara yake haikupungua hata gunia moja. Kwa programu iliyofunzwa kwa takwimu za 2019, mtu huyo anaelekea kufilisika. Kiwango chake cha mkopo kitateremshwa, na kitateremshwa wakati wa kununua mazao, yaani wakati anapokihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Mikopo ya namna hii si mipya. Kenya ilianza na M-Shwari Novemba 2012, na hapa Tanzania M-Pawa ya Vodacom na benki ya CBA ikaja mwaka 2014. Kwa hiyo takwimu zilizolimbikizwa zinapita katika vipindi visivyofanana hata kidogo: kabla ya Uviko wa 2020, wakati wa Uviko, kabla ya tozo na baada ya tozo. Mkopeshaji anayezichanganya zote kapu moja bila kupima anajitafutia matatizo.

Tabora inaifahamu hasara ya aina hii tangu enzi za misafara. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 akiwa na mizigo ya shanga aliyoinunua Zanzibar, alikuta kwamba shanga si fedha moja. Nyekundu, samesame, zilipokelewa vizuri Unyamwezi. Nyeusi zilikuwa mali Ugogo, lakini makabila mengine yalizikataa kabisa. Nyeupe zilitakiwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Mwenye msafara aliyenunua pwani kwa kufuata habari za miaka iliyopita aliweza kufika na mzigo kamili, usioibiwa wala kuloa, usionunua hata kibaba cha nafaka. Wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi waliokuwa na vituo Tabora na Kwihara walikuwa na njia yao ya kujilinda: waliwauliza waliorudi kutoka Ujiji na Karagwe kabla ya kufunga mizigo mipya. Njia hiyo tutairudia, kwa sababu hadi leo hakuna hesabu iliyoweza kuchukua nafasi yake.

KUNA KUHAMA KWA AINA MBILI

Kabla ya kuchagua kipimo, mtu ajue anatafuta nini. Aina ya kwanza ni pale wateja au miamala inapobadilika sura: wanaokuja sasa wana umri mwingine, biashara nyingine, idadi nyingine ya miamala. Aina ya pili ni pale sura inabaki ile ile lakini maana yake imebadilika. Mtu mwenye miamala mitano alikuwa mlipaji mbaya mwaka 2019. Mwaka 2021 mwenye miamala mitano ni mlipaji mzuri aliyekimbia tozo. Katika mfano wetu aina zote mbili zilikuja pamoja, na ndiyo kawaida.

Vipimo vingi vinavyosifiwa hushughulikia aina ya kwanza tu. Hilo likumbukwe katika yote yanayofuata.

KOLMOGOROV NA TATIZO LA WINGI

Kipimo kinachotumiwa sana kwa namba kama kiasi cha fedha au idadi ya miamala kina majina ya Warusi wawili, Kolmogorov aliyekichapisha mwaka 1933 na Smirnov aliyekiendeleza. Kazi yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Panga wateja wa zamani kuanzia mwenye miamala michache hadi mwenye mingi; panga wapya vivyo hivyo. Katika kila kituo uliza: asilimia ngapi wako chini ya hapa? Mahali ambapo majibu ya orodha hizo mbili yanapishana zaidi ndipo penye jibu lako.

Tuseme wateja wa zamani tuliwagawa mafungu manne sawa, asilimia 25 kila fungu, kuanzia wenye miamala michache hadi wenye mingi. Wateja wa sasa, kwa mipaka ile ile, wamekaa hivi: 38, 27, 20 na 15. Ukijumlisha fungu moja baada ya jingine, wa zamani wanatoa 25, 50, 75. Wa sasa 38, 65, 85. Pengo kubwa liko katikati, 65 dhidi ya 50, yaani asilimia 15. (Kwa kutumia mafungu tunakadiria tu, kompyuta hulinganisha mteja kwa mteja.)

Je, asilimia 15 ni nyingi? Hapa ndipo wengi hupotea. Kipimo hiki hakijibu swali hilo. Kinajibu swali jingine: pengo kama hili lingeweza kutokea kwa bahati tu? Na jibu lake linategemea idadi ya watu. Ukiwa na wateja 50 wa zamani na 50 wapya, kengele ya kawaida, ile inayokubali kukosea mara 5 katika 100, hailii mpaka pengo lifike karibu asilimia 27. Asilimia 15 yetu inapita kimya. Ukiwa na 200 kila upande, kengele inalia kwenye asilimia 13.6. Ukiwa na 5,000 inalia kwenye asilimia 2.7. Na ukiwa na wateja milioni moja kila upande, jambo la kawaida kwa kampuni ya simu, inalia pengo likiwa asilimia 0.2, tofauti ambayo haiwezi kumletea mtu yeyote faida wala hasara.

Maana yake kwa biashara ni hii. SACCOS yenye wanachama wachache ikitumia kipimo hiki italala usingizi nyumba ikiungua. Kampuni kubwa ikikitumia kila siku itapata kengele kila siku, na mafundi wake watazoea kuzizima bila kutazama. Siku ya moto wa kweli watazima pia.

Kwa mambo yasiyo namba, kama aina ya biashara ya mkopaji (tumbaku, asali, karanga, mifugo), kipimo cha kawaida ni kai mraba cha Mwingereza Karl Pearson, cha mwaka 1900. Kinalinganisha idadi iliyotarajiwa katika kila kundi na idadi iliyoonekana. Ubaya wake ni ule ule wa wingi, na isitoshe kinayumba pale kundi moja linapokuwa na watu wawili watatu tu. Wafugaji wa nyuki wakiwa wachache katika orodha, ni heri kuwaunganisha na kundi la jirani kuliko kuamini hesabu yao.

KIPIMO CHA MABENKI

Wakopeshaji wenyewe wamependelea kwa muda mrefu kipimo kiitwacho PSI, ambacho hakiulizi habari za bahati bali hupima ukubwa wa kuhama. Kwa kila fungu unachukua tofauti ya asilimia mpya na ya zamani, unaizidisha kwa logi asilia ya uwiano wao, kisha unajumlisha mafungu yote. Kwa mafungu yetu ya 38, 27, 20 na 15 dhidi ya 25 kila moja, jumla inakuja 0.12. Kanuni ya mazoea inasema chini ya 0.1 hakuna la kuhofia, kati ya 0.1 na 0.25 fungua macho, zaidi ya 0.25 simamisha programu uichunguze.

Kanuni hiyo ni rahisi na mimi naipenda kuliko kengele ya Kolmogorov kwa kampuni kubwa. Lakini imepewa heshima isiyostahili. Hakuna sheria ya hesabu iliyoweka 0.1 na 0.25; ni mazoea ya watu wa mikopo, na inasahau kabisa idadi ya wateja. Hata kama hakuna kilichobadilika, PSI haiji sifuri, kwa sababu sampuli mbili hazifanani kamwe. Wastani wa kelele hiyo unaweza kukadiriwa: chukua idadi ya mafungu, toa moja, kisha zidisha kwa jumla ya moja chini ya idadi ya wateja wa zamani na moja chini ya idadi ya wapya. Kwa mafungu manne na wateja 50 kila upande tunapata tatu mara 0.04, sawa na 0.12. Ndiyo namba ile ile tuliyoipata! Kwa SACCOS ya watu 50, basi, PSI ya 0.12 haina habari yoyote ndani yake. Kwa mkopeshaji mwenye wateja 5,000 kila upande kelele ni 0.0012 tu, na 0.12 hiyo hiyo ni habari kubwa. Ukigawa wateja 50 katika mafungu kumi, kama vitabu vingi vinavyofundisha, kelele peke yake inafika 0.36 na utasimamisha programu nzima bure.

Kipo kipimo kingine kinachostahili kujulikana zaidi sokoni, kwa sababu kinajibu kwa shilingi. Kinapewa jina la Wasserstein, ingawa wazo lake la msingi ni la Mfaransa Monge aliyelichapisha mwaka 1781 alipokuwa akihesabu gharama ya kuhamisha udongo. Fikiria lundo la magunia lililopangwa kwa sura fulani, na unataka lichukue sura nyingine. Hamali atabeba magunia mangapi, umbali gani? Kazi ya hamali anayetumia njia fupi kuliko zote ndiyo kipimo. Ukikitumia kwenye mapato ya wateja kitakwambia kwamba, kwa wastani, kila mteja amesogea shilingi 14,000, kwa mfano. Hiyo ni lugha ambayo mjumbe wa bodi anaielewa bila kuuliza. Udhaifu wake ni kwamba tajiri mmoja mwenye muamala wa milioni 80 anaweza kuuvuta peke yake, kwa hiyo watu makini hukata ncha za juu kabisa kabla ya kupima.

Neno moja kuhusu idadi ya vipimo. Programu ya mikopo yaweza kutazama mambo 40 kwa kila mteja. Ukiyapima yote kila wiki kwa kengele ya 5 katika 100, utapata kengele mbili za uongo kila wiki hata kama dunia imesimama. Dawa ya kawaida ni kugawa kiwango kwa idadi ya vipimo, yaani 0.05 kwa 40, sawa na 0.00125. Dawa bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuacha kupima yote 40 na kuchagua yale sita au saba yanayobeba uamuzi.

UNALINGANISHA NA LINI?

Hapa ndipo mtu anayeijua Tabora anamshinda fundi wa kompyuta anayekaa mbali. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili hivi. Fedha za tumbaku na mazao huingia katikati ya mwaka, na Januari na Februari mifuko huwa imetoboka. Ukilinganisha Juni na Februari, kila kipimo duniani kitalia, Kolmogorov, PSI na vingine vyote, na vyote vitakuwa sahihi kwa hesabu na bure kwa biashara. Juni ilinganishwe na Juni ya mwaka jana na ya mwaka juzi.

Hata kalenda ndogo zina nguvu. Tuchukue duka la vifaa vya shule na vyakula pale Kipalapala, nje kidogo ya mji, jirani na seminari kuu. Wanafunzi wakienda likizo, miamala ya duka inaanguka. Programu inayolinganisha wiki hii na wiki iliyopita itamwona mwenye duka kama mtu aliyepatwa na msiba. Inayolinganisha likizo na likizo haitaona kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: likizo ikipita, wanafunzi wakarudi, na miamala isirudi, programu iliyozoea kusamehe msimu inaweza kuchelewa kuona kwamba mwenye duka kapata mshindani.

MSAFARA UNAORUDI

Tulisema vipimo hivyo vyote hutazama sura ya wanaoingia. Kuhusu aina ya pili ya kuhama, pale maana inapobadilika, hakuna njia ila kungoja matokeo: nani amelipa, bei ilifika wapi. Ni wale wale waliorudi kutoka Ujiji. Mkopo wa siku 30 hautoi jibu kabla ya siku 30, na katika muda huo mkopeshaji anatembea gizani akiwa na taa ya vipimo vya sura tu.

Wenzetu wakubwa wameumia hapo. Kampuni ya Zillow ya Marekani ilikuwa ikinunua nyumba ili iziuze tena, ikitegemea makadirio ya bei ya kompyuta. Novemba 2021 ilitangaza kuachana na biashara hiyo, baada ya kupunguza thamani ya nyumba ilizokuwa nazo kwa zaidi ya dola milioni 300 katika robo moja ya mwaka. Nyumba zilikuwa nyumba zile zile. Soko ndilo lililoacha kwenda kama makadirio yalivyosema.

Matokeo yakishaanza kuja, kipimo ninachompendekezea mfanyabiashara mdogo ni kile cha Mwingereza E. S. Page, cha mwaka 1954, cha kujumlisha makosa. Hakihitaji kompyuta. Tuseme una programu ya simu inayokadiria bei ya kilo ya mahindi ya wiki ijayo. Kila wiki andika imekosea kwa shilingi ngapi, kwa upande mmoja, mathalani bei halisi ikizidi makadirio. Toa shilingi 5, ambazo ni msamaha wa kawaida, ongeza kinachobaki kwenye jumla ya wiki iliyopita, na jumla ikishuka chini ya sifuri irudishe sifuri. Amua mapema kwamba ikivuka 60 huiamini tena.

Makosa yakiwa 4, 12, 18, 9, 20, 22 na 16, jumla inakwenda 0, 7, 20, 24, 39, 56 na 67. Wiki ya saba umevuka. Hakuna wiki hata moja ambayo kosa lilizidi shilingi 22, na mtu aliyekuwa akingoja kosa kubwa la shilingi 30 angeendelea kuuza kwa bei ya chini msimu mzima. Bei nyingi huhama hivyo, shilingi chache chache, upande mmoja. Msamaha na kikomo kila mtu apange kulingana na mzigo wake: mwenye magunia 500 hawezi kusubiri kama mwenye magunia kumi. Jumla ya pili, ya makosa ya upande wa kushuka, huandikwa kando yake kwa njia ile ile.

Kwa wenye hisa, swali la kupeleka kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa benki au kampuni ya simu ni jepesi kutamka. Programu ya mikopo ilifunzwa kwa takwimu za miaka ipi, inalinganishwa na msimu gani, na nani ana mamlaka ya kuisimamisha kipimo kikilia? Ukijibiwa kwamba inapimwa na PSI, uliza mafungu ni mangapi na wateja wangapi. Vodacom Tanzania imo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu Agosti 2017, NMB tangu 2008 na CRDB tangu 2009, kwa hiyo nafasi ya kuuliza ipo.

Kwa mkopaji ambaye kiwango chake kimeteremshwa ghafla, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kutaka uamuzi unaomgusa usifanywe na mashine peke yake. Maombi hayo huandikwa. Aambatanishe daftari la mauzo la mwezi huo huo wa mwaka uliopita na la mwaka huu, pamoja na yale yaliyolipwa taslimu, kwa sababu hayo ndiyo programu isiyoyaona.